Herufi Tano kwa Msumari

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na kijana mmoja mwenye sauti laini, akajitambulisha kuwa ni afisa uhusiano wa chuo alichofundisha mama. Alinipa pole upya, kana kwamba zile za msibani zilikuwa zimeisha muda wake, kisha akasema chuo kinatengeneza kabati la vioo pale ukumbini, la kuweka makombe ya mpira wa kikapu na kumbukumbu za watu walioyaleta. Wangeshukuru sana kama familia ingewapatia kitu kimoja cha marehemu. Filimbi, labda, au fulana aliyokuwa akiipenda. Nikamwambia nitaangalia. Nilipokata simu kilichonijaa hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, ileile ya siku zote, na nimekwisha kuizoea.

Chuo chenyewe sitakitaja. Kipo Temeke, wanaokijua wanakijua, na hao wengine haitawasaidia kitu.

Nikaenda Madale, kwenye nyumba ambayo mama alihamia alipostaafu, nikafungua kabati lake la nguo. Nilijiandaa kukutana na harufu yake, ile ya sabuni ya mche na mafuta ya nazi. Iliyonipokea ilikuwa harufu ya dawa ya viatu, nyeusi, ile ya kwenye kopo la bati. Ilitoka chini kabisa, chini ya vitenge, kwenye kitu kilichofungwa kwa khanga kuukuu. Sikuhitaji kukifungua ili kujua ni nini. Nilikaa sakafuni nikiwa nimekipakata, na umri wote nilioupata tangu nikiwa na miaka tisa ukanitoka.

Kama nawe ulilelewa na mzazi mwajiriwa, utakumbuka jinsi bahasha ya kaki ilivyoheshimiwa nyumbani. Haikufunguliwa hovyo. Ilisubiri baba arudi, ikasubiri watu wamalize kula, meza ifutwe. Siku mama alipoleta ya kwake tulikuwa bado tunakaa Kipawa, karibu kabisa na uwanja wa ndege, na mtaa wetu ulikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwingine: ndege ikipita juu, watu wanakata neno katikati, wanasubiri, kisha wanaendelea pale pale walipoishia. Hata ugomvi uliahirishwa hivyo. Baba alisimama na ile barua, akasoma kwamba uongozi wa chuo unayo furaha kumteua mama kuwa, na hapo ndege ikaja. Tukangoja. Vikombe vikatetemeka kabatini. Mlio ulipofifia baba akavuta pumzi, akasema, "Kaimu Kocha Mkuu."

Baada ya ukimya ule wote, neno la kwanza kulisikia lilikuwa Kaimu. Baba alilitamka kwa sauti ya kanisani. Tukanywa soda siku ya kazi, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na mama akacheka hadi akaficha uso kwa khanga. Alikuwa msaidizi miaka mingi. Kocha aliyekuwepo alikuwa amehama ghafla, na sasa timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya chuo kizima ilikuwa mikononi mwa mwanamke kutoka Iringa ambaye wengi waliamini aliajiriwa kufundisha netiboli.

Mimi nilikwenda kulala na neno langu. Kocha nililijua. Mkuu nililijua, kwa sababu shuleni tulikuwa na mwalimu mkuu na tulimwogopa. Lakini Kaimu lilikuwa limewatangulia wote wawili, na katika akili yangu anayetangulia ndiye mkubwa. Tena mtaani kwetu alikuwepo Mzee Shomari, aliyeuza nazi mchana na kuswalisha katika msikiti mdogo wa pembeni, na watu wote walimwita Imamu. Alipopita, waliokaa vibarazani walijiweka sawa. Sisi Walutheri nasi tulimpa shikamoo yake bila kukosa. Imamu, Kaimu: kwa masikio yangu hayo yalikuwa majina ya ndugu wa tumbo moja. Nikaamua kwamba mama amekuwa Imamu wa mpira wa kikapu.

Ili nisikosee nikaenda kumuuliza Mzee Shomari mwenyewe. Alikuwa anafua nazi, akaacha, akaniuliza neno hilo nimelipata wapi. Nikamwambia mama ndiye Kaimu, barua imekuja. Alinitazama kidogo.

"Kwa Kiarabu, binti, ni aliyesimama," akasema. "Mwenye kusimama. Mpe mama hongera yangu."

Leo najua kwamba alijua. Mtu mzima wa Dar aliyewahi hata mara moja kwenda ofisi ya serikali ya mtaa anajua kaimu ni nini. Alichagua kunipa ile maana nzuri, nami nikaondoka nayo mbio, kwa sababu ilikuwa kweli kabisa. Mama hakuwa akikaa. Kwenye mechi walimwekea kiti cheupe cha plastiki kama walivyowawekea makocha wengine, na yeye alikifanya mahali pa kuwekea mkoba na khanga. Alisimama kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, jua kali, mikono nyuma, midomo imefungwa. Makocha wa vyuo vingine walirukaruka na kutukana. Mama alisimama tu, na wachezaji wakimtazama walijua wamekosea wapi.

Na kazi aliijua. Hili nalisema kwa hasira kwa sababu imefika mahali watu wanazungumzia uvumilivu wake na hakuna anayezungumzia kazi. Kiwanja cha chuo kilikuwa cha saruji, kando ya uzio, na kila asubuhi upepo uliacha mchanga juu yake, mchanga unaoteleza. Kabla yake alilipwa mtu wa kufagia. Mama akaomba fagio za chelewa, zile fupi za kufagilia uani, moja kwa kila mchezaji. Kwa wiki tatu za mwanzo wa msimu hakuna aliyegusa mpira. Walifagia. Lakini walifagia kwa namna yake: magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, mkono mmoja na ufagio chini na mwingine umetandazwa hewani, wakienda kwa ubavu na kurudi nyuma, bila kuvukisha mguu juu ya mguu. Aliyevukisha alianza upya kutoka kwenye mstari. Vijana wenye urefu wa milango walilia mapaja. Kapteni wao, Rama, mtoto wa Temeke mwenye mdomo, alimuuliza mbele ya wote, "Madam, sie tumekuja kucheza basketi au tumekuja kufanya usafi?" Mama alimpa ufagio wa pili, ashike mikono yote miwili.

Vyuo vingine viliwaita timu ya wafagiaji. Walikuja na fagio zao za mzaha, wakazipunga wakiimba. Kisha mechi ikaanza, na vijana wa mama wakawakaba watu miguu kwa miguu kutoka mwanzo wa kiwanja mpaka mwisho, kwa ubavu, magoti chini, na hakuna aliyeweza kuwapita. Mwaka ule kombe likaja Temeke. Mwaka uliofuata likaja tena. Mimi nilikuwa natoka shule siku za mechi na kukaa kwenye ngazi za saruji nikiwa na sare yangu, na kila aliyekaa karibu nami alipata habari kwamba yule aliyesimama ni mama yangu na kwamba yeye ni Kaimu. Wengine walitabasamu. Nilidhani ni heshima.

Nyumbani nilianza kusikia neno jingine, mchakato. Baba aliuliza, mama akajibu kwamba mchakato unaendelea. Kwanza walimwambia hana cheti cha ukocha cha ngazi inayotakiwa. Akaenda kozi likizo nzima, akarudi na cheti na miguu iliyovimba. Wakamwambia safi sana, sasa tunasubiri kikao. Kikao kikakaa, wakamwambia muundo wa chuo unapitiwa upya. Kila mara aliitwa ofisini na kila mara alipewa chai. Sijui kama mnaijua chai hiyo. Ni chai ya kumnyamazisha mtu, inaletwa na vitumbua kwenye sahani nzuri, na anayekunywa anatoka bila kitu akiwa ameshukuru.

Baada ya kombe la tatu wachezaji walichoka kusubiri. Wakaenda Mwenge kwa wachongaji, wakarudi na kibao cha mlangoni, cheusi, kinang'aa, chenye ukingo wa majani yaliyochongwa na maneno mawili makubwa katikati: KOCHA MKUU. Rama alikileta mwenyewe nyumbani Kipawa akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, akampa shikamoo baba, akamkabidhi mama kwa mikono miwili.

"Chuo kikizingua, Madam, sie tushakupa," akasema.

Mama alipitisha kidole juu ya herufi, moja moja, mpaka mwisho. Alishukuru vizuri sana. Kisha akasema atakitundika kwenye mlango wa ofisi yake siku barua itakapokuja, si kabla, kwa sababu hataki kujipachika. Akakifunga kwa khanga, akakiweka kabatini. Kikakaa humo mwaka mzima, na kila nilipofungua kabati harufu ya dawa ya viatu ilinijia. Wachongaji wa Mwenge wanang'arishia vinyago kwa dawa hiyo. Sikulijua hilo wakati ule, nilidhani ndivyo vyeo vinavyonukia.

Kombe la nne lilipokuja, mkuu wa chuo alimwambia mama kwa mdomo wake kwamba Jumamosi kutakuwa na sherehe ya kuipongeza timu, aje na familia, kuna jambo la kheri litatangazwa. Nyumba ilibadilika. Mama alishona kitenge kipya. Baba akanyoa. Ijumaa mama alikitoa kile kibao kabatini, akakiweka kitandani tayari kwa safari, halafu akaenda saluni kusukwa. Nilimsikia akimwambia baba, kabla hajatoka, kwamba safari hii anadhani ni yenyewe.

Nikabaki mimi na kibao. Mzee Shomari alikuwa anaadhini swala ya alasiri. Nilikifungua ili nikitazame tu, na hapo nikaona kosa ambalo mwaka mzima sikuwa nimeliona. Fundi alikuwa amesahau neno la kwanza. KOCHA MKUU, basi. Neno kubwa kuliko yote hakuliweka. Nikawaza mama akisimama kesho mbele ya watu wote na kibao kinachompunguzia cheo. Nikatoka uani, nikachukua msumari wa inchi tatu kwenye kopo la baba, nikarudi, nikapiga magoti kando ya kitanda.

Juu ya maneno yale mawili palikuwa na nafasi, chini tu ya majani. Niliandika polepole, nikikandamiza kwa mikono yote miwili, herufi kubwa kama tulivyofundishwa. Msumari ulipochimba, weusi ukabanduka na chini yake ukatokea mti mweupe. Haukuwa mpingo. Ulikuwa mti wa kawaida uliopakwa dawa ya viatu, wale vijana walikuwa wameuziwa uongo au ndicho walichoweza. Lakini mimi nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu neno langu lilionekana kuliko yale ya fundi. Lilisimama jeupe juu ya weusi. KAIMU. Nikapuliza vumbi, nikakifunga tena kwa khanga, fundo lilelile.

Ukumbi ulipambwa. Sisi tulikaa mstari wa pili. Mstari wa mbele, karibu na mkuu wa chuo, alikaa mwanamume mmoja mgeni aliyevaa suti mpya ya michezo, bado ina mikunjo ya dukani. Hakuna aliyemjali. Mshereheshaji alipomaliza kusifu timu, Rama akanyanyuka bila kuitwa, akaomba kipaza sauti. Alisema wao wachezaji walimpa Madam zawadi mwaka jana, akakataa kuitundika mpaka siku yake, na wanaona siku yake ndiyo leo. Akaja mpaka kwetu, mama akampa mkoba huku akitabasamu kwa aibu, Rama akatoa kibao, akafungua khanga akiwa anatazama watu, akakinyanyua juu ya kichwa bila kukiangalia.

Nilipiga makofi. Nilipiga peke yangu, kwa nguvu, nikiwa nimesimama. Ilinichukua muda kusikia kwamba hakuna mwingine anayepiga. Kisha mtu akacheka huko nyuma, na kicheko kikatembea mstari kwa mstari mpaka kikatufikia. Rama aliteremsha kibao, akakisoma. Akaniangalia.

Mkuu wa chuo ndiye aliyesema. Alichukua kipaza sauti akiwa anacheka naye, akasubiri watu watulie.

"Mnaona wenyewe," akasema. "Huyu mama hana makuu. Anaijua nafasi yake. Hata kibao chake ameandika Kaimu."

Wakapiga makofi sasa. Na juu ya makofi hayohayo akatangaza kwamba chuo, kwa kutambua mafanikio ya timu, kimeona sasa kipate kocha mkuu wa kudumu, akamwomba yule bwana wa suti ya michezo asimame asalimie. Madam ataendelea kumsaidia, kwa moyo wake uleule. Mama alikuwa tayari amesimama, alikuwa amesimama tangu Rama alipofungua khanga. Alikwenda mbele kwa hatua zake za kawaida akampa yule bwana mkono.

Tulirudi Kipawa kwa gari la mwalimu mwenzake, na njia nzima walizungumzia foleni. Nyumbani mama aliingia chumbani akakaa kitandani na viatu vyake, akakiweka kibao mapajani. Nikamfuata. Aliniuliza kama ni mimi. Nikamwambia ndiyo, fundi alisahau, nimemsaidia. Ndege ikapita, tukaisubiri.

"Herufi zimenyooka," akasema. "Hiyo K umeiweza."

Nikaridhika. Mungu anisamehe, nikatoka nje kucheza.

Mwaka uliofuata mwalimu mkuu wetu alikwenda kutibiwa, na asubuhi moja mstarini tukatambulishwa kaimu mwalimu mkuu. Mwenzangu mmoja akauliza darasani maana yake. Mwalimu wa darasa akajibu bila kugeuka kutoka ubaoni kwamba ni mtu anayeshika nafasi tu mpaka mwenyewe aje. Mpaka mwenyewe aje. Sikumbuki kingine kilichofundishwa siku ile wala wiki ile. Nilikumbuka msumari. Nilikumbuka makofi yangu. Nikajihesabia kwamba mkuu wa chuo alikuwa na barua ya mama mfukoni, akasoma kibao, akabadili mawazo. Niliibeba imani hiyo sekondari yote na baada yake bila kumwambia mtu, na kama una mtoto anayenyamaza ghafla mezani, muulize, tafadhali, muulize mara mbili.

Rama ndiye aliyenitua mzigo huo, miaka mingi baadaye, nilipokutana naye benki akiwa na kitambi na goti bovu. Alicheka kwa uchungu. Yule bwana, alisema, alikuwa na funguo za ofisi wiki nzima kabla ya sherehe, na jina lake lilikuwa limekwishaandikwa mlangoni. Kibao chetu hakikubadili hata nukta. Kiliwapa tu maneno mazuri ya kusemea jambo lao. Hapo ndipo hasira yangu ilipopata anwani sahihi. Walisubiri mama avae kitenge kipya, wakamwita na mtoto wake na mume wake, wakatumia mwandiko wa mtoto kumfungia mlango.

Yule bwana alikaa misimu sita. Alizitupa fagio stoo, akakaa kwenye kiti cheupe akatukana vizuri sana, na hakuleta hata kikombe cha chai. Akaondoka. Wakamwita mama ofisini, wakampa chai, wakamwomba akaimu. Akakubali.

Hapo nilikuwa na miaka kumi na sita, na sikuweza kukaa kimya. Alikuwa anachambua mchele uani. Nilimwambia hana haya, nilimwambia wanamfanya godoro la kulalia wakisubiri kitanda chao. Maneno ya kumwambia mzazi hayakuwa hayo. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Makombe hawakutupa ya kukaimu, mwanangu," akasema. "Walitupa yenyewe."

Watu wengi ningewasimulia jibu hilo wangefurahi. Mimi liliniudhi, na linaniudhi hadi leo. Kwa majibu mazuri kama hayo ndivyo wanavyotuendesha. Aliwaletea mengine matatu baada ya hapo. Fagio zilirudi, vijana wakalia mapaja, vyuo vingine vikaacha kuimba na vikaanza kufagia kimyakimya. Aliwafundisha makocha wa makocha. Na siku alipostaafu, barua yake ya kuagwa, bahasha ya kaki ileile, ilimshukuru Kaimu Kocha Mkuu. Hakuna mwenyewe aliyekuja. Mwenyewe alikuwa yeye, alisimama pale mchana kweupe, na wote walimwona.

Msibani, kabla hatujaelekea makaburini, mwakilishi wa chuo alisoma salamu. Alisema marehemu alikaimu nafasi hiyo kwa uaminifu na uvumilivu mkubwa. Waombolezaji wakaitikia amina. Rama alikuwa ameketi na wenzake watano au sita kwenye viti vya kukodi, wazee watupu sasa, na nilimwona akiinamisha kichwa. Mimi nilitaka kunyanyuka. Shangazi akanishika mkono, akaninong'oneza leo siyo siku ya hayo. Nikakaa. Tabia hiyo ya kuvumilia nami niliirithi kumbe.

Basi nikiwa pale sakafuni Madale nikafungua khanga, na nia yangu ilikuwa wazi. Kibao kilikuwa vilevile, majani, KOCHA MKUU, na juu yake ule mwandiko wangu mweupe uliopinda kidogo kwenye M. Pembeni yake kulikuwa na kopo la dawa ya viatu na kitambaa. Nikaona kazi ni ya dakika tano: nichovye kitambaa, nipake juu ya neno, lipotee. Nifanye kile ambacho chuo kilishindwa kufanya. Halafu niwapelekee cheo chake, wakiweke nyuma ya kioo, waone aibu. Nilikwishafungua kopo.

Ndipo nikaona kwamba weusi wa kibao ni mpya. Ulikuwa umepakwa mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ule mti wa uongo ulikuwa umekuwa mweusi kuliko mpingo. Ila zile herufi tano. Ndani ya mifereji yake hapakuwa na chembe ya dawa. Nikakunjua kitambaa, na ndani yake kulikuwa na pini ya nywele, ncha yake nyeusi. Kila alipong'arisha kibao kile, na lazima ilikuwa miaka na miaka, mama alikaa akazisafisha herufi zangu kwa pini, moja moja, ili zibaki nyeupe. Sijui ni kwa sababu zilikuwa zangu, au ni kwa sababu alitaka zisomeke. Angekuwa hai ningemuuliza, na angenipa jibu la kuniudhi.

Nikafunga kopo. Nikampigia yule kijana wa sauti laini, nikamwambia nimepata kitu, kibao cha mlangoni, zawadi ya wachezaji wake. Alifurahi, akasema ni kizuri sana hicho, akaomba nimsomee kilichoandikwa ili waandae karatasi ya maelezo ya kuweka chini yake. Nikamsomea maneno yote matatu, kwa mpangilio wake. Kisha akasema, kwa adabu, kijana wa watu, kwamba labda wangezungumza na fundi, lile neno la kwanza wangeweza kulifunika kidogo, kwa sababu, dada, unajua, wageni wataona.

"Litakaa kama lilivyo, au hampati kitu," nikamwambia. "Na hiyo karatasi ya chini andika hivi: msumari ulikuwa wa mtoto, neno lilikuwa la chuo."